Bahasha Iliyopigwa Pasi

Tuanze kwa kutaja vitu alivyokuwa hana binti yetu Kipimo, saa ile tulipomwacha wiki iliyopita mbele ya meza ya mkuu wa idara.

Hakuwa na barua ya idara ya kusema kwamba hawana pingamizi yeye kuhama chuo. Hakuwa na maelezo ya masomo aliyokwisha kuyasoma, yenye mhuri kila ukurasa. Hakuwa na ripoti ya mafunzo kwa vitendo iliyotiwa saini. Bila vitu hivyo chuo kipya kisingempokea, na dirisha la uhamisho lilikuwa linafungwa kesho yake jioni.

Wala hakuwa na njia ya kutokea, maana mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na ufunguo umeshuka katika mfuko wa koti la Profesa Mnong'ono.

"Kaa," alisema Profesa.

Wanafunzi walimwita Mnong'ono kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watu wengine wakikasirika hufoka. Yeye akikasirika sauti ilizidi kushuka, mpaka ukalazimika kuinama kumsogelea ndipo umsikie.

Kipimo akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Unatetemeka, binti. Una homa?"

"Hapana, Profesa."

"Basi ni woga. Kwani mimi nakula watu?"

Katika maswali yote aliyowahi kuulizwa na Profesa yule, hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Kwa msomaji aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze upesi. Kipimo anasomea upimaji wa maji. Katika mafunzo yake ya vitendo alipewa kazi ya kupima maji ya kisima kipya kilichochimbwa na kampuni ya shemeji yake Profesa. Kisima hicho ndicho kinacholeta maji kwenye bomba la Kituo cha Mama na Mtoto. Kipimo alichukua maji, akayaweka katika visahani vya maabara, akasubiri. Visahani vikaota vijidudu vitokanavyo na kinyesi cha binadamu. Akaandika alichokiona. Profesa akaagiza visahani vitupwe, akapiga chapa ripoti nyingine. Tangu siku hiyo alama za Kipimo zikaanza kuporomoka, na gari jeupe likawa linamfuata mpaka karibu na kwao. Ndipo alipoamua kuhama. Kumbe uhamisho wenyewe lazima upite katika mkono wa mtu yule yule anayemkimbia.

Profesa akasukuma karatasi mbele yake.

"Soma."

Kipimo akasoma. *Maji ya kisima yamepimwa na kuonekana kuwa safi na salama kwa kunywa.* Chini yake kulikuwa na jina lake, na juu ya jina, mstari mtupu.

"Profesa, vile visahani viliota."

"Visahani gani?"

"Vile vya maji ya kituoni."

Profesa akafunua viganja vyake. Akainama akachungulia chini ya meza, kama mtu aliyedondosha kifungo. "Sioni kisahani hapa. Wewe unakiona?"

"Sikioni."

"Basi tuzungumze mambo yanayoonekana." Akafungua mtoto wa meza. Akatoa bunda la maelezo ya masomo. Akatoa mhuri. Akatoa bahasha ya kaki. Akavipanga kimoja kimoja, kama mwenye duka anayempangia mteja bidhaa. "Hivi vyote ni vyako. Ukisaini pale, leo leo unaondoka navyo, na ripoti idara itaipeleka yenyewe. Usiposaini, hakuna aliyekufukuza. Utabaki hapa na mimi."

Mtasema, mbona asighushi saini yake akamaliza kazi? Saini ya Kipimo ilikuwa kwenye karatasi zote za maabara tangu alipoingia chuoni, na mwenye macho angelinganisha. Tena Profesa hakuwa mtu wa kufanya kazi chafu kwa mkono wake ikiwa kuna mkono wa mwingine karibu.

Kipimo akaitazama kalamu. Hakuigusa.

Sauti ya Profesa ikashuka.

"Shangazi yako hajambo?"

Kipimo akainama, akidhani amesikia vibaya. "Ati?"

"Yule shangazi anayekulea. Bado anashona pale barazani, mkabala na kituo cha mafuta? Nilipita juzi nikauona mlango wake. Wa mbao. Hivi ule mlango unafunga vizuri?"

Kipimo akaichukua kalamu.

Najua wengine wenu sasa hivi mtalitupa gazeti hili chini kwa hasira. Liokoteni.

Kipimo alisaini.

Profesa hakucheka wala hakupongeza. Alichukua mhuri akaanza kugonga kurasa za masomo, moja baada ya nyingine, paa, paa, paa, taratibu kama mtu anayetwanga dawa. Alipomaliza akachukua karatasi iliyokunjwa, akaitumbukiza ndani ya bahasha, akalamba gundi, akabana, kisha akagonga mhuri juu ya kifuniko, nusu huku, nusu kule.

"Humu mna barua yangu kwamba sina pingamizi. Ni siri kati yangu na wao. Mhuri huu ukipasuka, barua imekufa. Wanarudisha hata kama wewe ni mtoto wa waziri. Usiniletee ujanja."

"Sitaifungua, Profesa."

"Najua hutaifungua."

Akatoa ufunguo, akafungua mlango, akajitenga kidogo kumpisha. Kipimo alipita akiwa amejikunja ili bega lake lisiguse koti la Profesa.

*

Alitembea njia nzima bahasha ikiwa imebanwa kwapani, ndani ya blauzi. Hakuthubutu kuiweka kwenye mkoba. Gari jeupe halikuonekana, na kutoonekana kwake kukamtisha zaidi.

Shangazi alikuwa barazani, mguu kwenye cherehani, pini mdomoni. Alipomwona akazitema pini mkononi.

"Enhe! Kasaini?"

"Kasaini."

"Kagonga mhuri?"

"Kagonga."

Shangazi akapiga kigelegele kilichomfanya mwuza nyanya wa upande wa pili asimame. "Mwanangu anahama! Anakwenda chuo chenye lifti!" Kisha akamtazama vizuri. "Sasa mbona uso umekuporomoka kama umetoka kuzika?"

"Nimechoka tu, Shangazi."

"Umechoka na nini? Wewe umebeba karatasi, mimi nimepinda mapazia ya hoteli nzima. Haya, kaoge. Unanuka woga."

Alikuwa akitania. Lakini Kipimo aliingia ndani upesi asije akalia mbele yake, akaacha mkoba na bahasha juu ya meza ya kukatia.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo lisingetokea katika nyumba isiyo ya fundi cherehani.

Shangazi aliiona bahasha. Ilikuwa imejikunja, imelowa jasho upande mmoja. Mwanamke yule, tangu aanze kushona, hajawahi kutoa nguo dukani kwake bila kuipiga pasi. Hata kiraka cha suruali ya fundi magari hukipiga pasi. Sasa ataacha karatasi za mwanawe ziende kwa wasomi zimekunjamana kama zimetapikwa na ng'ombe?

Pasi ilikuwa bado ya moto kutokana na gauni la mteja. Akatandaza kitambaa kibichi juu ya bahasha, kama afanyavyo kwenye suruali za sufu. Akakandamiza. Mvuke ukapanda. Akainua kitambaa aone kazi yake.

Bahasha ilinyooka kweli kweli. Kifuniko chake nacho kikainuka polepole, kikajifunua kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo.

"Mama yangu!" alipiga kelele. "Njoo! Njoo nimeua!"

Kipimo alitoka mbio, sabuni ingali masikioni. Akadhani ni gari jeupe. Akamkuta shangazi amesimama na pasi mkononi, ameiinua juu kama anataka kumpiga nayo mtu, na macho yamemtoka.

"Nimeinyoosha tu kidogo, mwanangu. Gundi ya siku hizi haina adabu!"

Kipimo aliitazama bahasha. Mhuri ulikuwa umeyeyuka kwa mvuke, wino umetawanyika ukawa doa la zambarau. Akaketi chini, pale pale sakafuni penye vipande vya vitambaa.

"Imekufa," alisema.

"Tuirudishie gundi."

"Mhuri, Shangazi. Tazama mhuri."

"Si twende kwake atugongee mwingine? Nitapiga magoti. Nitamwambia ni mimi."

"Hapana!" Sauti ya Kipimo ilitoka kali kiasi kwamba shangazi aliiweka pasi chini. "Kwake sirudi. Niue, lakini kwake sirudi."

Barabarani watu walipita wakielekea makwao, jua likiwa bado lipo juu ya mapaa.

"Basi," alisema shangazi kwa sauti ya chini, "kama imekufa, tuuone uso wa marehemu."

"Ni siri."

"Siri ya maiti anaitunza nani?"

Akatia vidole viwili akavuta karatasi. Akaikunjua. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hii inasomwa upande gani?"

Kipimo akainyakua.

Karatasi ilikuwa tupu.

Haikuwa na tarehe. Haikuwa na salamu wala saini. Ilikuwa nyeupe, mbele na nyuma, kama ilivyotoka dukani.

"Labda ni ule wino wa siri," alisema shangazi, na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Wasomi hawana dogo."

Kipimo alikwisha kuelewa, na ubaridi ulimpanda kutoka unyayoni. Angeipeleka bahasha ile kwa mikono yake mwenyewe. Chuo kipya kingeifungua baada ya dirisha kufungwa. Wangesema maombi hayakukamilika. Profesa angeandika barua ya kumchafua, ingekuwa na saini yake, naye angeulizwa. Karatasi tupu haina wa kuulizwa, ni kosa la karani. Yeye angerudi kwa Profesa mikono mitupu, na Profesa angekuwa na saini yake chini ya ule uongo. Maji yakija kudhuru watu, nani aliyeyapima? Jina limeandikwa pale.

Akamweleza shangazi yote, tangu visahani mpaka kalamu. Alipofika kwenye habari ya mlango, shangazi akamkatiza.

"Kaulizia mlango wangu?"

"Ndiyo."

"Huu?"

"Huu, Shangazi."

Shangazi aliinuka. Akaingiza cherehani ndani, mchana ule ule, na wateja wanaona. Akasukuma komeo. Akavuta meza ya kukatia akaiegemeza mlangoni. Halafu akakaa kitandani karibu na Kipimo, akamshika mkono, na wote wawili wakasikiliza barabara.

Gari likapunguza mwendo. Likasimama nje ya baraza.

Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Viatu vikapanda ngazi. Kipimo alihisi kucha za shangazi zikimwingia nyamani.

Hodi ikapigwa, kwa nguvu.

"Shangazi!" iliita sauti ya kike. "Nakusikia unahema! Gauni langu la harusi ya dada ni leo au mpaka azae?"

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

*

Usingizi haukuja nyumba ile. Kulipokucha Kipimo akasoma tena masharti ya uhamisho, neno kwa neno, akitafuta tundu. Akalipata. Barua ya kutokuwa na pingamizi ilitakiwa itoke kwa mkuu wa idara *au mkuu wa kitivo*.

Mkuu wa kitivo alikuwa mwanamke waliyempa jina la Mama Kanuni. Aliwahi kumrudisha mwanafunzi kutoka getini kwa sababu picha yake ya maombi ilikuwa na ukuta wa kijani badala ya buluu. Hakuna aliyekwenda kwake kwa hiari.

"Nakusindikiza," alisema shangazi. "Mwenye kosa la pasi ni mimi."

Walishika njia inayopita mbele ya Kituo cha Mama na Mtoto. Bombani alikuwapo mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni. Alikuwa akisuuza kikombe cha plastiki.

"Shangazi!" aliita. "Nguo ya mtoto tayari?"

"Tayari, mama. Nimeacha pindo, akikua utaishusha."

Mwanamke akajaza kikombe, akakipitisha juu ya bega. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akanywa kwa pupa, maji yakimtiririka kidevuni.

Kipimo akafungua mdomo kupiga kelele. Akaufunga. Angesema nini? Kwa karatasi iliyokuwa mezani kwa Profesa, mtaalamu aliyesema maji yale ni salama alikuwa yeye.

"Twende," alinong'ona shangazi na kumvuta. "Twende, tutachelewa."

*

Ofisi ya Mama Kanuni ilikuwa ghorofani, dirisha likitazama uwanja na geti. Kila kitu mezani kilikuwa kimenyooka, hata kalamu.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Mmoja asimame, mmoja aseme."

Kipimo akaweka bahasha na karatasi tupu mezani. Mama Kanuni akavaa miwani, akaitazama bahasha, kisha doa la zambarau.

"Nani kaifungua?"

"Mimi, mama," alisema shangazi. "Kwa pasi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa imejikunja, mama."

Mama Kanuni alimtazama shangazi kwa muda, kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria kinachohusu jambo hilo. Hakukipata. Akaigeuza karatasi tupu pande zote mbili, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Mkuu wa idara aliifunga mbele yako?"

"Mbele yangu, mama. Alilamba gundi mwenyewe."

"Maelezo ya masomo yana mhuri?"

"Yana, mama."

"Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa."

Mama Kanuni akahesabu kurasa hata hivyo. Kisha akavuta karatasi yenye nembo, akaandika kwa mwandiko mnyoofu, hakuinua kichwa mpaka mwisho. Akasaini.

"Sina pingamizi. Kitivo hakina pingamizi. Ripoti ya vitendo wataletewa na idara. Swali la mwisho, na ni swali la kanuni, namwuliza kila anayehama. Kuna jambo lolote juu yako hapa chuoni ambalo halijamalizika?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, *hakuna*, na Kipimo angeteremka ngazi zile akiwa mtu huru. Shangazi alimkanyaga mguu kwa siri.

"Lipo," alisema Kipimo.

"Ewe mtoto!" alisema shangazi.

Akasema yote. Kisima, shemeji, visahani, saini. Alipokuwa akisema, Mama Kanuni aliinuka akafunga dirisha. Halafu akafunga mlango. Kipimo akamwona akikijaribu kitasa mara mbili kama kimeshika, na hapo ndipo woga wake mwenyewe ulipozidi, kwa maana hakuwahi kudhani kwamba mwanamke yule naye ana mtu anayemwogopa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Shangazi tu."

"Visahani viko wapi?"

"Vilitupwa."

"Kwa hiyo una mdomo tu."

"Na saini, mama. Saini yangu ipo chini ya uongo."

Mama Kanuni akarudi kitini. Akaichukua barua ya kutokuwa na pingamizi, akaitia katika bahasha nyeupe, akamsogezea.

"Chukua. Masikio yangu yamezeeka, sikusikia ulichosema. Nenda kapande basi lako, mpe msajili wa chuo kipya mkononi. Utamaliza masomo, utapata kazi. Yule mtu namjua. Usisimame njiani mwake."

"Asante, mama," alisema shangazi, na tayari alikuwa ameishika bahasha. "Mungu akuweke. Twende, mwanangu."

Kipimo hakusogea.

"Shangazi, yule mtoto alikunywa kikombe kizima."

"Watoto wengi wanakunywa! Wewe ndiye mtoto wangu. Twende!"

"Nikienda, nani atasema? Aliyepima ni mimi. Hakuna mwingine aliyeona."

Shangazi akaacha kumvuta. Alikuwa amewashonea nusu ya watoto wa kituo kile.

"Mama," Kipimo alimgeukia mkuu wa kitivo, "nikitaka kuiandikia Ofisi ya Afya ya mji kwamba naikana saini yangu, na maji yapimwe upya, nafanyaje?"

Mama Kanuni alivua miwani. Akazungumza polepole, na safari hii hakuzungumza kama mama wa kanuni.

"Sikiliza. Ukituma barua hiyo, umekiri kwamba ulisaini matokeo ya uongo. Nitalazimika kufungua kesi juu yako leo hii. Mwanafunzi mwenye kesi hahami. Barua niliyokupa nitaichana mwenyewe. Utarudi idara ile ile, kwa mtu yule yule, mpaka kikao kikae. Na kikao chetu hakina haraka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Unaogopa?"

"Naogopa mpaka miguu siisikii."

"Na barua ya mwanafunzi kwenda ofisi ya nje haiendi hivi hivi. Lazima iandikwe *kupitia kwa* mkubwa wake. Mkubwa wako ni mkuu wa idara."

Barua ya kumshitaki Profesa Mnong'ono ilitakiwa ipite mezani kwa Profesa Mnong'ono.

Mama Kanuni alitazama mikono yake. Kipimo aliona midomo yake ikijaribu neno, ikaliacha, ikalijaribu tena.

"Andika," alisema mwisho. "Andika *kupitia kwa mkuu wa kitivo*. Nami nitatia jina langu. Haraka, kabla akili haijanirudia."

Kipimo akaandika. *Mimi ndiye niliyeyapima maji ya kisima kinachohudumia Kituo cha Mama na Mtoto. Ripoti yenye saini yangu inayosema ni salama si ya kweli, na niliisaini kwa kutishwa. Maji yana vijidudu vya kinyesi. Naomba bomba lifungwe leo, na maji yapimwe upya na watu wengine.* Akatia jina lake kamili. Mama Kanuni akaandika lake chini, na wino ukamvuja kidogo kwenye herufi ya kwanza.

Shangazi alikuwa bado ameishika ile bahasha nyeupe. Aliitazama kama mtu anayetazama tiketi ya safari. Kisha akairudisha mezani, na Mama Kanuni akaichana vipande viwili, halafu vinne.

Tarishi wa kitivo akaitwa. Alikuwa mzee asiyevua kofia ya pikipiki hata ofisini.

"Hii inakwenda Ofisi ya Afya, mkononi mwa mganga mkuu," aliambiwa. "Usimpe karani."

"Bado haijafungwa, mama."

Kipimo akaipeleka bahasha mdomoni kulamba gundi. Ulimi ulikuwa mkavu kama gunzi. Akajaribu tena. Kifuniko hakikushika.

"Lete," alisema shangazi. Akailamba kwa mkupuo mmoja, kama alambavyo ncha ya uzi, akaibana kwa kidole gumba. Machozi yalikuwa yakimdondoka lakini mkono haukuyumba. Mama Kanuni akagonga mhuri juu ya kifuniko. Tarishi akaitia katika mkoba wa ngozi, akafunga kamba, akashuka.

Wakasogea dirishani wote watatu.

Pikipiki iliunguruma, ikakata uwanja. Na pale getini, ikakutana uso kwa uso na gari jeupe linaloingia.

Tarishi akasimama. Kioo cha gari kikashuka. Profesa Mnong'ono akatoa mkono, na mkononi alikuwa na karatasi: ripoti yenye saini ya Kipimo, ameileta kwa mkuu wa kitivo igongwe mhuri. Akamwambia tarishi jambo. Tarishi akaugusa mkoba wake.

"Asimpe," alisema shangazi. "Ee Mungu, asimpe."

Profesa akainua macho kutoka kwenye mkoba. Akayapandisha ghorofa kwa ghorofa, polepole, mpaka yakafika kwenye dirisha lao. Akamwona Kipimo. Akamwona Mama Kanuni amesimama bega kwa bega naye. Mlango wa gari ukafunguliwa, na mguu wake mmoja ukakanyaga changarawe.

Tarishi hakusubiri mguu wa pili. Alitia gia, akapenya kati ya gari na ukuta wa geti mpaka kioo cha pembeni cha gari kikavunjika, akaingia barabarani, na barua ikaenda.